Matone ya Alasiri

Kichupa kilichokutwa chini ya godoro la mlinzi hakikuzidi kidole gumba cha mtoto, na Inspekta Rachid alikuwa amekileta maabara kwa jambo dogo tu. Alitaka Dorothée, mtaalamu wa maabara, athibitishe kwamba ndicho chenyewe, atie sahihi, faili lifungwe. Jua la Ramadhani lilikuwa limemkausha koo na alikuwa na haraka ya kurudi kituoni.

Faili lilikuwa la Jovithe, mlinzi wa kile kituo cha utafiti kilichoko njia ya kwenda Kibenga. Kesho asubuhi angepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na watu wa aina ya Jovithe wakishafika huko hawarudi nyumbani, huenda gerezani. Mkewe, Benite, alikuwa akitoka Musaga kila siku na sufuria ya maharage, anakaa nje ya kituo cha polisi hadi askari mmoja amwonee huruma. Rachid alikuwa akimpita bila kumtazama. Hakuwa na shaka na kazi yake. Alikuwa na neno la Callixte, daktari mkuu wa kituo cha utafiti na rafiki yake tangu utotoni, na neno la Callixte kwake lilikuwa kama sahani iliyooshwa na mama: huikagui, unapakua tu.

Dorothée alivaa glavu, akavuta maji safi kwenye bomba la sindano, akachoma kifuniko cha mpira. Kisha akasimama hivyo hivyo, mkono hewani. Aliisukuma sindano kwa kidole gumba, maji yakaingia kichupani shingo upande, na uso wake ukabadilika.

"Chef," alisema, "hii haina kiu."

Rachid alimwomba aseme lugha ya watu. Akaeleza kwamba dawa ile huja ikiwa unga mkavu, na kwamba kiwanda hutoa hewa yote ndani kabla ya kufunga. Ukiingiza sindano, kichupa huyanywa maji chenyewe, hata usipogusa kitu. Ili amwonyeshe, alitaka kufungua kasha jipya lililofika juzi likiwa bado na lakiri ya wafadhili. Rachid alimwandikia ruhusa, akaikata lakiri mwenyewe. Kichupa cha kasha jipya kilipochomwa, maji yalishuka kwa mkupuo mmoja, na ule unga mweupe ukayeyuka kama haukuwahi kuwapo.

Walirudia kwa kichupa kingine cha kasha lile, kikanywa vilevile. Kile cha chini ya godoro kilikuwa bado kimekaa mezani na maji yake ya kusukumiwa, na unga umeganda chini kama sukari kwenye chai baridi.

"Mutu alishaifungua hii," alisema Dorothée. "Akatoa dawa, akatia unga ingine, akaifunga tena."

"Jovithe?"

"Jovithe anafungua geti, chef. Kufunga hii kifuniko ya bati kunaomba mashini. Iko mu kabati ya docteur, na ufunguo ni moja."

Rachid hakutaka kulisikia lile neno la mwisho, kwa hiyo alimgeukia aliyelisema. Polisi ndivyo alivyo: habari ikimuuma, humshuku aliyeileta. Alimuuliza Dorothée alikuwa wapi Ijumaa, siku sinia zima la vichupa lilipopotea kwenye friji la barafu. Dorothée hakukasirika. Alikuwa Gitega, akimzika shangazi yake. Aliondoka kabla ya mchana kwa basi lililojaa ukoo mzima pamoja na padri wao. Akampa namba ya padri. Rachid alipiga palepale, na padri, mtu wa maneno mengi, akaanza kumsimulia mazishi tangu wimbo wa kwanza. Njia hiyo ikafungwa.

Basi akaketi kwenye stuli na kufikiri kama anavyolipwa kufikiri. Mwizi anayeiba dawa ili auze hana haja ya kukifunga tena kichupa. Anayekifunga ni yule anayetaka kirudi mahali pake, kikae na wenzake, kionekane kizima. Kwa hiyo dawa ilikuwa imeondoka zamani, kidogo kidogo, na sinia lililopotea Ijumaa lilikuwa sinia la unga wa bure. Nani huiba maganda? Yule asiyetaka maganda yaonekane. Alimuuliza Dorothée kama kulikuwa na mtu wa kuja kuvikagua vile vichupa.

"Wakaguzi ya wafadhili wanafika hii wiki," alisema. "Watachoma kila chupa. Docteur alituambia Alhamisi."

Sinia lilipotea Ijumaa. Rachid alikishika kile kichupa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Aliyemsingizia mlinzi alikuwa amechagua cha kuweka chini ya godoro, na hata hapo alitoa cha uongo. Hata kwa kumpeleka mtu gerezani, alikuwa amekionea uchungu kichupa cha kweli.

Lakini Callixte alikuwa na mahali pa kuwa. Rachid aliyaandika maneno yake mwenyewe, na aliyakumbuka neno kwa neno. Ijumaa mchana Callixte alifunga maabara, akaenda Nyakabiga kwa Mwanne, mmoja wa wagonjwa wa utafiti, akakaa naye alasiri yote na kumtia matone puani kwa mkono wake. Aliporudi jioni akakuta friji wazi. Katikati hapo alibaki Jovithe peke yake na ufunguo wa akiba wa maabara. "Uliza dada yako," Callixte alimwambia, kwa kuwa Mwanne ni dada yake Rachid, mtoto wa kwanza wa mama yao. Na Rachid, kwa jinsi alivyoziba masikio, hakuuliza. Alikuwa hasemi na dada yake.

Aliondoka maabara kwa miguu. Gari la kituo lilikuwa halina mafuta, kama magari yote ya mji siku zile, na foleni kwenye kituo cha petroli ilikuwa imeota mizizi. Wenye magari walikuwa wamelala ndani, milango wazi, miguu nje. Alitembea akiwa na kile kichupa mfukoni, akijiambia kwamba anakwenda kumsafisha rafiki yake. Dada angesema, "Ndiyo, alikuja," na angerudi kumbana Dorothée vizuri zaidi.

Ugomvi wao ulitokana na dawa hiyohiyo. Mwanne alikuwa na hofu isiyo na jina tangu ule mwaka wa risasi mitaani. Pikipiki ikizima ghafla nje, yeye alikuwa tayari chini ya meza. Hakulala, hakupanda basi, hakuenda hata sokoni kununua vitambaa vya duka lake. Callixte ndiye aliyekuja na habari ya matone. Alieleza akiwa kwenye mkeka wa Rachid, baada ya futari ya Ramadhani iliyopita, akichora kwa kidole kwenye mkeka huo: ni peptidi, mnyororo mfupi mno, kipande cha protini kilichounganishwa na watu maabara ili kifanane na vile ambavyo mwili huvitengeneza wenyewe. Watafiti walitaka kujua kama kinautuliza ubongo wenye hofu bila kumlaza mtu. Hakimezwi, alisema, maana tumbo lingekimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Kinapitia puani, kinapanda juu. Rachid ndiye aliyemsihi dada yake akubali. Na kwa miezi kadhaa dada yake alirudi kuwa mtu. Alicheka, alipanda basi, alikwenda harusini akacheza.

Kisha Ramadhani ikaingia, na hofu nayo ikarudi. Mwanne alilalamika kwamba dawa imebadilika. Callixte alimwambia Rachid pembeni, kwa sauti ya huruma, kwamba dada anaruka dozi kwa sababu ya saumu na anaona haya kukiri. Rachid alikwenda akamgombeza dada yake mbele ya wateja. Alimwita mtoto. Tangu siku hiyo hawakuwa wamesalimiana.

Alimkuta dukani, mlango umefungwa nusu, amekaa mahali ambapo anaiona barabara na barabara haimwoni. Vitenge vilikuwa vimekunjwa mpaka darini. Alikuwa amekonda. Rachid alitoa salamu, Mwanne akaitikia kwa sababu salamu ni deni. Rachid alimuuliza kama Ijumaa iliyopita, alasiri, Callixte alikuja kumtia matone.

Mwanne alimtazama muda mrefu, kama anayetafuta akili za mdogo wake zilipoangukia.

"Alasiri? Matone mu mapua? Na mi nimefunga?" alisema. "We Rachid, madrasa ulisomea wapi?"

Kwa Mwanne, tone la puani hufika kooni, na kinachofika kooni mchana huvunja saumu. Ndivyo walivyofundishwa wote wawili, kwenye mkeka mmoja, na mwalimu mmoja mwenye fimbo. Hata kutawadha, mtu aliyefunga havuti maji puani kwa nguvu. Rachid alikijua kitu hicho kama anavyojua jina lake, na alikuwa ameandika "alasiri" na "matone" kwenye karatasi moja, akatia sahihi, wala kalamu haikusita.

"Dawa mi natia kiisha magaribi, na tena saa ya daku," aliendelea Mwanne. "Siruki hata siku moja. Nilimuambia Callixte mbele ya mwezi kuandama. Akasema sawa, sawa, akili iko pengine. Tangu siku ile sijamuona na macho. Chupa anatuma na shofere."

Rachid aliiomba chupa aende nayo. Mwanne aliitoa kwenye mfuko wa kanzu yake. Alikuwa akitembea nayo, kama mtu anayetembea na hirizi iliyokufa.

"Ile ya zamani ilikuwa chungu mu koo. Hii iko chumvi tupu. Nilikuambia. Mi dada yako nilikuambia, na we ukaenda kumuamini mutu."

Rachid alitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe lilionekana dogo kuliko duka. Alisema kwamba Callixte ni kama ndugu, amekula nao futari miaka ishirini. Mwanne alivuta kitenge kimoja, akakikunjua bila sababu, akakikunja tena.

"Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe," alisema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anayemkumbusha mtoto afunge vifungo vya shati.

Jua lilikuwa limeinama aliporudi kituoni. Benite alikuwa palepale nje na sufuria yake, na safari hii Rachid alimtazama, akamwambia asiondoke. Mwanamke yule aliogopa zaidi badala ya kufurahi. Alikuwa ameshazoea kwamba polisi akisema nawe, jambo limeharibika.

Callixte alikuwa ameshafika. Alikuwa ameketi ofisini kwa Rachid, shati limepigwa pasi, mfuko wa tende juu ya meza, kama kila mwaka. Walikuwa wamepanga ahakikishe maelezo yake kwa mara ya mwisho kabla faili halijaondoka, kisha wafuturu pamoja. Alisimama, akamkumbatia Rachid, akamuuliza saumu inakwendaje. Rachid alikumbatiwa. Aliketi, akafungua faili, akamwomba amsimulie tena Ijumaa, polepole, ili maneno yakae sawa.

Callixte alisimulia vizuri, kwa utulivu wa mtu aliyelala usingizi mzuri. Alitaja foleni ya mafuta, alitaja mvua kidogo iliyonyesha. Alifika Nyakabiga alasiri, Mwanne akaketi kwenye kiti chake, akainua kichwa nyuma, yeye akamtia matone pua ya kulia kisha ya kushoto, akamwambia avute pumzi. Hata harufu ya vitambaa aliitia kwenye hadithi.

"Alikuwa anafunga?" aliuliza Rachid.

"Si ni Ramadhani? Alikuwa anafunga. Hata maji sikumuomba, ju ya heshima."

"Na matone akakubali."

"Aikatae kwa nini? Si chakula, ndugu yangu. Haipiti mu tumbo."

Rachid aliiweka kalamu chini. Aliitoa chupa ya Mwanne mfukoni, akaiweka karibu na tende, na kile kichupa cha chini ya godoro akakiweka karibu na chupa. Miaka ishirini mtu huyu, asiye Mwislamu, alikuwa ameketi kwenye mkeka wao. Alijua kuchagua tende, alijua uji unataka pilipili manga kiasi gani, alijua kunyamaza wakati wa dua. Alikuwa amehesabu kila kinachoingia mdomoni mwao, na pua zao hakuwahi kuzifikiria.

Callixte alivitazama vile vichupa, akamtazama Rachid. Akili yake haikuwa nzito. Ilichukua muda wa mtu kumeza mate.

"Inavunja saumu," alisema.

"Inavunja."

Nje mtu aligonga mlango wa ofisi kwa kiganja, askari tu, akiuliza kama alete taa. Callixte aliruka kitini. Aliruka kweli, mgongo ukagonga ukuta, mikono ikapanda usoni kuziba kichwa. Rachid alimwambia askari aondoke. Ilimchukua Callixte muda kushusha mikono, na iliposhuka ilikuwa ikitetemeka kama ya mzee. Rachid alikuwa ameiona mitetemo hiyo, chini ya meza ya duka la Nyakabiga.

Hapo ndipo aliposhindwa kuendelea na hasira yake kwa namna aliyoipanga. Akilini alikuwa ametafuta mnunuzi, hawara, mfanyabiashara wa Kibenga mwenye friji kubwa. Hakuwepo. Dawa yote ilikuwa imeishia kwenye pua ya mtu mmoja, naye ni huyu.

Callixte aliutaja mwenyewe, bila kuulizwa, usiku wa darini. Rachid alikumbuka usiku ule wa mwaka wa risasi, yeye akiwa darini kwa Callixte, amelala juu ya mbao, na Callixte mlangoni akiwaambia watu wenye bunduki, kwa kicheko, kwamba humo ndani wamo panya tu. Watu waliondoka. Mtaa mzima ulimwita Callixte shujaa, na Rachid ndiye aliyesimulia kuliko wote.

"We ulishuka ku dari, ukaenda kulala," alisema Callixte. "Mi niko bado ku mlango. Mutu akibisha, ni wao. Kila siku ni wao."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Uliniita shujaa mbele ya watu. Nilijaribu kidogo tu, nikalala. Kesho yake tena kidogo. Kiisha Ramadhani ikaingia, chupa za wagonjwa zikabaki na chumvi."

"Na Mwanne alikuwa anatetemeka."

Callixte aliinamisha kichwa. Rachid alimwambia kwamba kuogopa si kosa, na kwamba kama angeomba, angemchukua mwenyewe mpaka ng'ambo ya ziwa kumtafutia tiba. Lakini Callixte alikuwa amemnywea Mwanne usingizi wake, kisha akamfanya mwongo, akamtuma ndugu yake mwenyewe kwenda kumtukana. Na Jovithe? Jovithe alikuwa amemkosea nini?

"Hakuna," alisema Callixte. "Alikuwa karibu."

Jibu hilo lilimuuma Rachid kuliko yote. Lilikuwa la kweli, na lilikuwa dogo mno.

"Mi nilikuficha we," Callixte alisema kwa sauti ya chini. "Leo we unifiche mi. Mara moja tu."

Kabla Rachid hajafungua mdomo, adhana ya magharibi ilipaa kutoka Buyenzi, ikafuatwa na nyingine, na nyingine. Mkono wa Callixte ukaenda wenyewe kwenye mfuko. Alichukua tende, akaipasua, akatoa kokwa kwa kucha kama alivyofanya kila mwaka tangu walipokuwa vijana, akamnyooshea Rachid. Hakuwa akihonga. Alikuwa amesahau kwa nukta moja walipo, na Rachid aliliona hilo, na likamchoma.

Rachid alinyanyuka. Alikwenda kwenye bomba la pembeni, akakinga kiganja, akasema bismillahi, akafungua saumu kwa maji. Yalikuwa vuguvugu na yalinukia chuma. Alikunywa mpaka koo likaacha kumuuma, akajifuta, akarudi mezani.

"Nilipokuwa ku dari," alisema, "ulinificha bila kutoa mutu mwengine mahali pangu. Hiyo siwezi kukurudishia. Vua mukanda."

Alimpeleka yeye mwenyewe. Kasho, chumba cha mahabusu, lilipofunguliwa, Jovithe aliinuka, akatoka amekumbatia viatu vyake, macho chini, akidhani anaitwa kupigwa. Akamwona docteur wake amesimama pale bila mkanda, suruali ameishika kwa mkono mmoja. Rachid alimwambia aende, mke wake yuko nje, na kwamba kesho atakwenda Musaga kumwomba radhi mbele ya majirani. Jovithe alielekea nje, viatu bado kifuani. Benite, aliyekwisha kuingia ukumbini, akamwona, ikasikika sufuria ikianguka na kifuniko kikizunguka sakafuni, na Callixte akajibana ukutani, macho yamefumba.

Aliingia bila kusukumwa. Alikwenda hadi kona ya mbali zaidi, akakaa, akayakumbatia magoti.

"Rachid," alisema. "Ule mlango. Usiubamize."

Ulikuwa mlango wa chuma, na askari wote wa kituo kile waliufunga kwa teke. Rachid aliushika kwa mikono miwili, akaurudisha taratibu, kidole baada ya kidole, mpaka ukakaa mahali pake bila sauti. Kisha akageuza ufunguo.